Upendo Wenye Mpaka





Juma lililopita tulimzika mama mmoja mzee wa upande wa lambo, mjane wa katekista wetu wa zamani. Wengi wenu mlikuwapo, na wengi wenu hamkuwapo. Tafakari ya juma hili yawahusu hasa wale ambao hawakuwapo, wala siiandiki kwa kuwalaumu. Mtakaosoma hadi mwisho mtaona kwamba lawama ya kwanza ni yangu mwenyewe.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa upande wa lambo peke yao. Maji yalichotwa na akina mama wa upande wa lambo peke yao. Wa upande wa shule, ambao wametengwa nao na korongo moja tu linalovukwa kwa hatua ishirini wakati wa kiangazi, walikuja watu wanne. Mnakumbuka kwamba hadi miaka mitatu iliyopita pande hizo mbili zilikuwa jumuiya moja. Marehemu aliwafundisha sala za asubuhi wengi wa hao ambao hawakuja kumsindikiza.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa mama mmoja wa upande wa shule, mtu mzima mwenye kumcha Mungu, nikamwuliza kwa upole sababu ya kutofika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba Paroko, sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Nilimpenda. Lakini ningevuka peke yangu, wenzangu wangeniuliza mimi ni wa wapi."

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Maneno ya mama yule yalinirudisha mahali ambapo pengine hamtarajii: kwa sokwe wa Gombe.

Hapa Kimali hatuna sokwe. Tunao nyani na tumbili wanaotuibia mahindi, nao si sokwe. Sokwe hana mkia, huishi katika misitu ya magharibi mwa nchi yetu, Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, na katika misitu ya nchi nyingine za Afrika. Kwa mwili na kwa damu yeye na bonobo wa Kongo ndio walio karibu nasi kuliko wanyama wengine wote. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kigoma kwa mafungo, na mafungo yalipokwisha, mapadre wachache tulipanda boti kuelekea kaskazini hadi Gombe. Tulitembea mlimani nusu ya siku. Hatimaye tuliwakuta watano wameketi chini ya mti, mmoja akipekua manyoya ya mwenzake kwa vidole, taratibu, kama mama anayemsuka bintiye. Hakuna aliyetujali. Nilijisikia kama mgeni aliyeingia uani bila kupiga hodi.

Hapo Gombe ndipo Jane Goodall, binti wa Kiingereza wa miaka 26, alipofika mwezi Julai 1960. Utafiti alioanzisha unaendelea hadi leo, ingawa yeye alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Katika miaka ya mwanzo aliona mambo ya kupendeza. Aliona sokwe wakichokoa mchwa kwa vijiti walivyoviandaa wenyewe. Aliona wakikumbatiana baada ya ugomvi na kugawana nyama. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliua sokwe wengi, na mtoto yatima wa miaka mitatu hivi, aliyeitwa Mel, alichukuliwa na kijana dume aliyeitwa Spindle, ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu. Spindle alimbeba mgongoni, akalala naye kitandani mwake cha majani, akampa chakula alipoomba. Bila yeye Mel angekufa. Mtu akisikia habari hiyo hushawishika kusema: laiti sisi tungekuwa kama sokwe!

Lakini habari haiishii hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba kundi la Gombe lilikuwa likigawanyika polepole. Baadhi ya madume, pamoja na majike wachache, walizidi kukaa kusini, katika bonde la kijito kiitwacho Kahama (si Kahama yetu ya usukumani, bali jina moja tu). Wengine walibaki kaskazini, katika bonde la Kasakela. Kwanza walikutana kwa kelele na vitisho. Kisha wakawa hawakutani kabisa. Hawa walikuwa wamekula pamoja na kusafishana manyoya kwa miaka mingi, na baadhi yao walikuwa wamekua pamoja tangu utotoni.

Mwezi Januari 1974, sokwe wanane wa Kasakela, madume sita wazima pamoja na kijana dume mmoja na jike mmoja, walitembea kimya kimya kuelekea kusini. Walimkuta dume mmoja wa Kahama, jina lake Godi, akila peke yake. Alikimbia, wakamkamata mguu, wakamwangusha, mmoja akamkandamiza chini huku wengine wakimpiga na kumng'ata kwa muda wa dakika kama kumi. Walipomwacha aliinuka kwa shida, akapiga kelele akiwatazama wakiondoka. Hakuonekana tena. Aliyeshuhudia tukio hilo alikuwa Mtanzania, Hilali Matama, mmoja wa watafiti wa Gombe walioyajua maisha ya sokwe wale kuliko wageni wengi.

Mwaka 1975 ilikuwa zamu ya Goliath. Huyu alikuwa mzee, na zamani alikuwa kiongozi wa kundi zima kabla halijagawanyika. Alihesabiwa kuwa wa kusini, na hilo likatosha kumhukumu. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 1977, hakuna dume hata mmoja wa Kahama aliyebaki. Kundi lilifutika. Washindi wakatwaa bonde la ndugu zao, lakini hawakulifurahia muda mrefu, kwa maana kusini zaidi kulikuwa na kundi jingine lenye nguvu, la Kalande, ambalo lilianza kuwasukuma warudi kaskazini.

Wapo waliosema kwamba kosa lilikuwa la binadamu. Goodall aliwahi kuweka ndizi kambini ili sokwe wakaribie, na ndizi zile zilileta msongamano na ugomvi. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Lakini mwaka 2014 watafiti wengi waliunganisha kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, zikiwamo sehemu ambazo sokwe hawakulishwa kamwe. Walihesabu mauaji 152, mengine yaliyoonekana kwa macho, mengine ya kukisiwa kwa dalili. Waliona kwamba usumbufu wa binadamu hauelezi tofauti za mauaji kati ya kundi na kundi. Wauaji kwa kawaida ni madume, wauawao mara nyingi ni wa kundi jingine, na wanaoshambulia huwazidi sana kwa idadi wanaoshambuliwa: kwa wastani wanane kwa mmoja. Sokwe haendi vitani kwa ushujaa, ndugu zangu. Huenda kwa hesabu.

Kwa nini basi Muumba aliruhusu tabia kama hiyo ikue katika viumbe wanaoweza kumbeba yatima mgongoni? Kanisa halituzuii kuuliza. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka 1950 kwamba asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe kwa elimu ya mageuko ya viumbe, na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 alikiri kwamba nadharia hiyo imepata uthibitisho mwingi. Na jibu la wanasayansi ni gumu kulimeza. Wanasema kwamba upendo wa ndani na uadui wa nje vimekua pamoja, kwenye shina moja.

Tazameni msitu wa Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale, nchini Uganda. Huko liliishi kundi kubwa kuliko yote yaliyowahi kuchunguzwa, lililofikia karibu sokwe mia mbili. Madume wake walishirikiana vizuri ajabu: waliwinda mbega pamoja, wakagawana nyama, wakafanya doria mpakani wakiwa wamejipanga mstari mmoja, kimya, wakisimama pale mwenzao aliposimama. Kati ya mwaka 1998 na 2008 waliua sokwe 21 wa makundi jirani. Mwaka 2009 walianza kuitumia ardhi waliyoiteka, na eneo lao likaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Baada ya hapo majike walizaa zaidi ya mara mbili ya awali, na watoto wengi zaidi wakaishi. Kwa lugha ya mageuko, vita viliwalipa. Aliyeshirikiana vizuri na wenzake alipata ardhi, chakula na uzao; asiyeshirikiana aliliwa na majirani. Hivyo kizazi hadi kizazi ushirikiano ukazidi kunolewa kwa jiwe la uadui.

Wengine walipima mkojo wa sokwe katika msitu wa Taï, nchini Kodivaa, wakitafuta homoni iitwayo oksitosini. Ni homoni ileile inayomsaidia mama kumnyonyesha mtoto na kumpenda. Mwaka 2017 waliandika kwamba homoni hiyo hupanda sokwe wanapotoka pamoja kuelekea mpakani na wanapokabiliana na jirani. Chemchemi ya maziwa ya mama na chemchemi ya vita ni moja! Niliposoma habari hiyo niliiweka karatasi mezani nikakaa kimya.

Na kundi lile kubwa la Ngogo? Kuanzia mwaka 2015 lilianza kugawanyika lenyewe kwa lenyewe, kama la Gombe. Walioshinda pamoja wakaanza kuuana. Waliozoea kutafuta adui ng'ambo ya mpaka walijichorea mpaka mpya katikati yao.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Wasukuma na majirani zetu Wanyamwezi tunajua ushirikiano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi na serikali ikiwa mbali, vijiji vya Kahama (sasa nasema Kahama yetu) na vya jirani viliunda sungusungu. Yowe likipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Ng'ombe wengi walirudishwa. Watu walilala usingizi. Ulikuwa upendo wa jirani kwa vitendo, na wazee wanaoukumbuka wana haki ya kujivunia. Lakini wazee haohao wakiwa wakweli watakiri kwamba mara nyingine upinde uleule ulimgeukia asiye na mtetezi, hasa kikongwe aliyeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu, naye amepika kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Kijiji kilichoungana kumfukuza mwizi kiliweza kuungana vilevile kumfukuza bibi. Umoja peke yake si fadhila. Inafaa kuuliza kila mara: umoja huu unamfanya nini aliye nje yake?

Hata hivyo babu zetu walituachia pia dawa. Kuna utani, ambao wazee husema mahali pengine ulizaliwa baada ya vita: waliopigana wakageuza matusi kuwa mzaha, na leo mtani ndiye anayefika msibani mapema na kuwafanya wafiwa wacheke. Kuna ndoa, inayomfanya mtoto awe na wajomba katika kijiji ambacho baba yake alikihofia. Na kuna ngoma za Bagika na Bagalu. Mashindano yale ni makali, kila upande na dawa zake, na umati unaohama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine ndio unaotangaza mshindi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyejenga Bujora, hakuyapiga marufuku. Kule Bujora sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ilikutana na mashindano hayo katika sherehe ya Bulabo, na inaendelea hadi leo. Ushindani wa ngoma una siri yake: Mgika anamhitaji Mgalu arudi mwakani, la sivyo atacheza na nani? Tena shemeji yake yuko upande ule, naye atakula kwake jioni.

Sokwe hana utani, hana shemeji. Ni kweli kwamba binti sokwe akikua mara nyingi huhama kwenda kundi jingine, na huko hupokelewa. Lakini haruhusiwi kuwa daraja. Hawezi kurudi kuwaambia kaka zake kwamba wale wa ng'ambo nao wanazaa na kulia. Akishavuka, amevuka.

Hapa nafika kwenye kosa langu. Mwaka 2018 watafiti walizipitia upya kumbukumbu za kila siku za Goodall ili kujua kwa nini kundi la Gombe lilivunjika. Waliona ugombeaji wa ukubwa kati ya madume wachache wa ngazi ya juu, wakati ambapo majike walikuwa wachache. Waliona pia kwamba dume mmoja wa makamo ya uzee, aliyezoea kukaa na wa kaskazini na wa kusini pia, alikufa mwaka 1970. Huenda yeye ndiye aliyekuwa kamba iliyowafunga pamoja, na hakuna aliyejua hadi alipoondoka.

Jumuiya yetu ilipofikia kaya zaidi ya arobaini, mimi ndiye niliyependekeza igawanywe kwa korongo. Haikuwa dhambi, nyumba moja haikutosha tena kwa sala. Lakini katika mwaka uleule yule katekista mzee alifariki, ambaye Jumanne alisali na hawa na Alhamisi na wale bila kuagizwa na mtu, nami sikutafuta wa kushika nafasi yake. Kisha, ili kuamsha bidii ya zaka, nilianza kusoma altareni kila mwezi jumuiya ipi imetoa zaidi, na nikaahidi mbuzi kwa mshindi. Zaka iliongezeka. Nilimwambia hata mhasibu kwamba Roho anatenda kazi! Sikuona kwamba nilikuwa nimeweka boksi la ndizi katikati ya watu. Miezi michache baadaye nilisikia watoto wa shule wakiitana "wa lambo" kana kwamba ni tusi, na watu wazima wakipishana kisimani asubuhi bila kusema mwangaluka. Nikadhani yatapita.

Hakuna aliyempiga mwenzake, na namshukuru Mungu. Lakini mjane wa katekista amezikwa na nusu ya watoto wake wa imani. Mama yule wa upande wa shule hakumchukia. Aliogopa tu kuulizwa yeye ni wa wapi. Nafikiri hata wale sokwe wa Kasakela hawakuwa na chuki kama tunavyoielewa sisi. Walikuwa waaminifu kwa wenzao, basi.

Maandiko yanatupa njia nyingine, katika habari ambayo wafugaji wanaielewa kuliko watu wa mjini. Wachungaji wa Abramu na wa Loti waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha wote pamoja na mifugo yao. Abramu, aliye mkubwa, alimwachia mdogo achague malisho, wakatengana. Kutengana hakukuwa kosa. Na baadaye, Loti alipotekwa vitani, Abramu hakusema kwamba huyo si wa upande wetu tena. Aliwachukua watu wake, akaenda mbali usiku, akamrudisha. Ndiyo tofauti ninayoiomba kwa ajili yetu: tuweze kugawanyika kwa korongo na bado kuitikia yowe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba msamaha. Kuanzia Dominika hii sitasoma tena michango ya jumuiya moja dhidi ya nyingine, na mbuzi ya mwaka huu italiwa na wote siku moja. Katekista mmoja atapangiwa jumuiya zote mbili, kama mzee wetu alivyofanya.

Na Jumamosi hii ni siku ya kumaliza msiba wa mama yetu. Nitatoka nyumbani kwangu saa mbili asubuhi, kwa miguu, kupitia upande wa shule. Wale mnaosita kuvuka peke yenu, nitawasubiri chini ya mkwaju ulio kabla ya korongo, hadi saa tatu. Akina mama, njooni na ndoo. Maji bado yanahitajika kule.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu